Umehamia mji mpya: jinsi ya kumpata msusi wa kumwachia kichwa

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, sisi tuliotoka Dar es Salaam tumeacha nyuma mengi: upepo wa bahari, samaki wa Feri, ndugu na majirani. Lakini keti na wanawake wa ofisi yoyote kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa ya chai, utasikia kilio kimoja: "Msusi wangu nimemwacha Dar." Wapo waliokuwa wakipanda basi Ijumaa jioni, Jumamosi wanasukwa Sinza, Jumapili wanarudi. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi, ila ukipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, juu yake rasta na hela ya msusi, unaona kabisa kwamba hapa pana wazimu.

Mimi niliona ujanja ni kuingia saluni ya kwanza niliyokutana nayo karibu na nyumbani. Vioo safi, kiyoyozi, picha za wasichana ukutani. Nilikuwa na kikao Jumatatu, nikataka rasta ndogondogo. Wakanikalia wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, saa tano nzima. Usiku ule sikulala. Nikipiga chafya naona nyota. Siku ya tatu vipele vikajipanga kwenye paji la uso kama shanga, na nilipofumua baada ya wiki mbili, malaika, zile nywele laini za mbele, wote wa upande wa kulia walikuwa wameondoka na rasta. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, kwa hiyo nilifunga vilemba mpaka ofisini wakaniuliza kama nimebadili dhehebu.

Nilipotulia nikaanza upya, taratibu, na msusi niliye naye leo nilimpata kwa njia hii. Inafaa Dodoma, inafaa Tabata, inafaa Mwanza.

Hatua ya 1: Fumua, halafu kaa hivyo hivyo kwanza

Wengi wetu tunamtafuta msusi siku moja kabla ya harusi. Ukiwa na haraka, utamkubali yeyote mwenye nafasi, na mwenye nafasi Ijumaa jioni ana sababu ya kuwa na nafasi. Jipe wiki mbili. Fumua, osha, jipige mabutu manne usiku, mchana kilemba. Kama nyumbani yupo bibi au shangazi anayejua kusuka kwa uzi, huu ndio wakati wake: uzi unazinyoosha nywele bila moto na bila dawa.

Wiki hizo mbili zitumie kukijua kichwa chako, maana msusi mpya atakuuliza, na ukimjibu "fanya tu unavyoona" umeshampa ruhusa ya kukuharibu. Nywele zako ni za dawa au za asili? Kama ni za dawa, mara ya mwisho uliweka lini? Zinakatikia wapi: nchani, utosini, kisogoni? Kuna mba? Kuna mahali panapowasha? Mtoto wako akiwa na viraka vyeupe vya mviringo vinavyoacha nywele zimekatika, hayo huenda ni mapunye. Mpeleke zahanati kwanza, kwa sababu mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Ukimpeleka saluni kabla ya hapo, kitana kitayapeleka kwa watoto wa wenzako.

Hatua ya 2: Tazama vichwa vya wiki tatu, achana na picha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Picha kwenye simu ya msusi zote zimepigwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila kichwa kinang'aa. Nusu ya picha hizo si zake hata, kaziokota mtandaoni. Unachotaka kukiona ni kichwa kilekile baada ya wiki tatu: mistari bado imenyooka? Rasta zinaning'inia kwenye unywele mmoja mmoja, au zimeshikwa na nywele za kutosha? Na zaidi ya yote, malaika wa mbele na wa juu ya masikio wapo? Msusi anayevuta anaacha alama pale pale, na alama hiyo haipigiwi picha.

Vichwa hivyo viko kila mahali. Panda daladala ukae siti ya nyuma, utaona visogo kumi na tano kwa nauli moja. Foleni ya benki, kwaya ya kanisani, Soko la Majengo asubuhi ya Jumamosi. Ukikiona kilichokupendeza, usione haya:

"Samahani dada, umependeza. Umesukwa na nani?"

Hakuna mwanamke anayekasirika kwa swali hilo. Atakuambia na jina, na mtaa, na historia ya msusi mpaka ndoa yake. Wewe mrudishe kwenye maswali mawili: umesukwa lini, na kichwa kiliuma siku ngapi? Akikujibu kwamba kiliuma siku nne lakini ndivyo ilivyo, mshukuru, uendelee kutafuta. Rasta nzuri zinaweza kubana kidogo jioni ya kwanza, lakini ukiamka asubuhi bado unameza vidonge vya maumivu, umevutwa.

Tafuta kichwa kinachofanana na chako. Kama nywele zako ni kipilipili, sifa za msusi kutoka kwa dada mwenye nywele za singa hazikusaidii, maana yule msusi huenda hajawahi kupambana na nywele zinazojisokota zikigusa maji. Na ukisikia jina moja kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana, umefika karibu.

Kwa wanaovaa hijabu, vichwa havionekani barabarani, lakini habari zinapita haraka kuliko kwetu. Uliza madrasa, uliza kwenye shughuli. Na ukienda kutazama, angalia mlango: saluni nyingine zinachanganya kinyozi na msusi chumba kimoja, au zimeweka draya mbele ya kioo cha barabarani. Pazia lililotundikwa mlangoni si pambo, kwa hiyo waulize nani anaruhusiwa kulivuka.

Hatua ya 3: Usidharau mkeka

Tukisikia neno msusi mpya tunafikiria saluni yenye bango. Lakini mikono mizuri mingi imekaa kibarazani, kwenye kigoda, chini ya mwarobaini. Mama mwenye mkeka hana kodi ya fremu wala bili ya umeme ya kufidia, kwa hiyo hana sababu ya kukuharakisha. Anachokosa ni maji ya bomba na draya. Nenda umeshaosha na kukausha nyumbani.

Wapo pia vijana wa Kimasai. Dar, Arusha, Zanzibar, hata hapa, utawaona wanapita wawili wawili na shuka zao. Kusokota nywele ni kazi ya kwao tangu zamani, morani husukana nywele ndefu wao kwa wao, na mjini ujuzi huo umekuwa ajira. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwa hawa methali imekosea njia. Kwa kusokota, mikono yao imetulia. Tatizo lao ni moja: leo yupo, mwezi ujao amerudi Simanjiro kwa ng'ombe. Ukimpenda, chukua namba na uwe na msusi wa akiba.

Na usimpime msusi kwa kichwa chake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Ninayesukwa naye mimi hufunga kitambaa wiki nzima, kwa sababu anapomaliza vichwa vya watu usiku hana mkono wa kukigusa chake.

Hatua ya 4: Nenda kukaa, usiende kusukwa

Ukishapata majina mawili matatu, tembelea. Ingia kuuliza bei, au msindikize jirani. Kaa nusu saa. Mtazame anavyochana: anayejua huanzia nchani akipanda kidogo kidogo kuelekea shinani, huku mkono mwingine umeshika shina. Anayeanzia utosini na kushuka kwa nguvu, ule mlio wa krr krr unaousikia ni nywele za mtu zinakatika.

Angalia vitana vinakaa wapi kati ya mteja na mteja. Taulo ni moja kwa wote? Kama wanachonga nywele za mbele kwa wembe, wembe ufunguliwe mbele ya mwenye kichwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni. Angalia na maji ya kuchovya rasta: yanatoka jikoni yakichemka, na msusi makini humfunika mteja taulo nene mgongoni na kushika ncha mbali na mwili. Nimeona mtu ameungua bega kwa sababu ya umbea uliokolea wakati birika liko hewani.

Lakini kipimo changu kikubwa ni neno moja. Subiri mteja aseme, "Dada, inauma." Halafu sikiliza jibu.

Akisema "vumilia mamii, uzuri ni gharama," chukua mkoba wako. Akinyamaza na kuendelea, chukua mkoba wako. Akisimama, akafumua mstari ule na kuusuka tena bila kununa, huyo muulize anafungua saa ngapi kesho. Ukimkuta anasuka mtoto, umepata bahati zaidi, kwa kuwa mtoto hamwonei msusi aibu. Mtoto wa miaka mitano anayesinzia akisukwa ni cheti kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani.

Hatua ya 5: Mpe kazi ndogo

Mara ya kwanza usimpe harusi. Mpe kukufumua, kuosha, na mistari minane ya twende kilioni. Kwa wageni wa jina hilo, ni mistari inayokwenda nyuma moja kwa moja, ya kusuka haraka mtu anapowahi msiba, na haina pa kujificha: mstari ukipinda unaonekana, ukibana unausikia.

Kufumua ndiko kunakomfichua mtu. Kunalipwa kidogo, kunachosha, kwa hiyo wengi wanakukabidhi kwa binti anayejifunza kazi, naye anashika mkasi. Nilishakatiwa nywele zangu pamoja na rasta namna hiyo. Mwambie mapema mkasi uishie pale ambapo una hakika nywele zako hazifiki.

Ukifumua utaona donge la nywele mkononi. Usipige kelele kabla ya hesabu. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, yaani siku 42, nywele 2,100 hadi 4,200 zimeng'oka zenyewe na kunaswa humo humo. Chukua chache uzitazame juani. Zenye kidoa cheupe upande mmoja zilikuwa zimemaliza muda wake. Fupi fupi zisizo na kidoa zimekatika, na hizo ndizo za kumuuliza msusi. Wengine tunajidanganya tukiwa na rasta za miezi mitatu, kisha tunamlaumu anayefumua. Wiki sita, zikizidi sana nane, tosha.

Wakati wa kusuka, kataa kukaliwa na watu wawili. Najua inapunguza muda. Lakini kila mkono una uzito wake, na wewe ndiye utakayelala na upande mmoja unaobana. Kama lazima wawe wawili, msusi wako ashike mbele na pembeni zote, msaidizi aanzie kisogoni.

Kisha subiri siku kumi. Usifanye chochote, jitazame tu kwenye kioo kila asubuhi. Vipele vikitokea kwenye mstari wa nywele, ngozi ikiwa imeinuka kama hema pale rasta inapoanzia, jibu umelipata, na uzifumue za mbele siku hiyo hiyo. Upara wa kuvutwa ukiwahiwa, nywele hurudi. Ukiachwa miaka na miaka, ngozi hufanya kovu na mashina yanakufa. Wanawake wengi tunaowaona wana paji la uso pana hawakuzaliwa nalo.

Hatua ya 6: Kama ni dawa au rangi, mtihani ni mwingine

Anayejua kusuka si lazima ajue dawa. Dawa za kulainisha nywele ni alkali kali. Nyingine zina hidroksidi ya sodiamu, ile ile kostiki ya kutengenezea sabuni. Kabla ya kukupaka, msusi anayejua kazi atakuuliza uliweka lini mara ya mwisho na kama ulijikuna. Atakagua ngozi, na akikuta kidonda atakurudisha nyumbani. Atapaka mafuta ya mgando kuzunguka masikio na paji la uso, atavaa glavu, ataigusisha dawa kwenye nywele zilizoota tu, na atatazama saa. Ukiwa umekaa wiki chini ya nane, akatae.

Nasisitiza hilo la kukataa. Niliwahi kumwomba msusi wangu wa sasa aniwekee dawa na rangi siku moja, hela ninayo mkononi. Akanisukumia kiti: "Dada, chagua kimoja, kingine uje baada ya wiki mbili." Alipoteza fedha ya siku ile, na tangu hapo hajanipoteza mimi.

Rangi nyeusi nayo, pamoja na piko, ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio na isubiriwe saa 48. Ikiwasha au kuvimba, usithubutu kuipeleka kichwani.

Swali la nyongeza kwa Dodoma: muulize maji yake. Mji huu kwa muda mrefu umekunywa maji ya visima vya Makutupora, na maji ya visima vya huku yana chumvichumvi; sabuni haitoi povu vizuri, nywele zinakauka na kukakamaa kama kamba ya katani. Ongeza hapo hewa kavu na vumbi la Agosti. Msusi mwenyeji ana mbinu zake: anakinga maji ya mvua, au anasuuza na siki kidogo iliyozimuliwa, na anapaka mafuta kabla nywele hazijakauka kabisa. Akikuangalia kama vile hujui unachouliza, huyo naye kahamia juzi.

Hatua ya 7: Bei na muda, kwa maneno ya wazi

Bei isemwe kabla hujakaa, na isemwe yote: rasta ni zako au zake, pakiti ngapi, kuosha kumo au hakumo, kufumua je, kuchovya maji ya moto je. Ugomvi mwingi wa saluni unatokana na "nilidhani imo". Rasta nunua mwenyewe ukiweza. Kama zimekuwa zikikuwasha, ziloweke usiku kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, anika. Ule unga unga wa kiwandani unatoka. Kupunguziwa bei omba, ni haki yako ya kuzaliwa, lakini usimpunguze mpaka akuharakishe.

Muda sasa. "Njoo tu dada, nipo." Unafika, unakuta watatu mbele yako na mmoja amefumuliwa nusu. Hilo sijawahi kuliponya, hata kwa msusi wangu mpendwa. Dawa ndogo ninayoitumia ni kwenda siku ya Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla hajafungua kinywa, na kumpigia simu nikiwa bado kitandani: "Uko na nani kichwani sasa hivi?" Nikisikia draya inavuma nyuma yake, nageuka upande wa pili nalala.

Namba ya simu chukua ya kwake mwenyewe, usichukue ya saluni. Wasusi wazuri hawakai. Wanagombana na mwenye fremu, wanaolewa, wanafungua pao Nzuguni. Wangu ameshahama mara mbili na mimi nimehama naye.

Hatua ya 8: Kumwacha wa zamani

Hii hakuna aliyenifundisha. Ile saluni ya vioo ipo njiani mwangu kwenda kituoni. Wiki ya kwanza baada ya kusukwa kwingine nilizunguka kwa nyuma, kwenye makorongo, viatu vikajaa vumbi. Wiki ya pili nikafunga kilemba. Wiki ya tatu mwenye saluni akaniona, akanikagua kuanzia kisogoni mpaka usoni, akauliza kwa upole kabisa:

"Heee dada, umependeza. Nani kakusuka?"

Nikamwambia ni mdogo wangu, alikuja likizo.